Siku ya Ignat Kitu Hakitoki Nyumbani

Haya ni kweli tupu, hayana chumvi hata ya kuonjea. Naapa kwa macho yangu mawili, hili zima na hili lenye mtoto wa jicho, na kwa kaburi la mama yangu, ambaye hakuwahi kusema uongo ila kuhusu umri wake. Asiyeamini na apande kilima aje Suhi Kladenets amuulize yeyote. Tumebaki wachache, hatapata shida ya kuchagua.

Kijijini kwetu kuna nyumba ya kusomea, kama vijiji vingine vya Bulgaria: ukumbi wa ngoma juu, maktaba chini, na katikati ya maktaba jiko la kuni la chuma lenye kitambi kama cha padri. Shule ilishafungwa, posta ikafungwa, na duka la mikate likageuka gari linalokuja likijisikia. Wakati wa baridi wazee hawana kuni za kutosha nyumba nzima, kwa hiyo kila asubuhi hujikokota hadi kwenye jiko lile, wakachukua kitabu ili wasionekane wamefuata moto, wakakaa hadi giza linapoingia. Mwenye kuuwasha moto huo ni Ognyana Vladova, mtunza maktaba, mjane wa fundi wa matrekta. Ni mwanamke mwembamba anayetembea kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

Mwezi wa Septemba neno likashuka kutoka wilayani. Maktaba yoyote ambayo kufikia mwaka mpya haina mtu mwenye cheti cha kuorodhesha na kuainisha vitabu itatiwa kufuli, na vitabu vyake vitapelekwa kiwandani kusagwa. Ognyana akapiga simu.

"Mama, usihofu," kijana wa wilayani akamwambia. "Kozi iko mtandaoni. Unakaa tu nyumbani unajifunza."

"Na nikishindwa?"

"Ukishindwa, unakaa tu nyumbani."

Akajiandikisha siku hiyohiyo.

Mwalimu wao alikuwa Bi Boneva, uso ndani ya kijidirisha, miwani imeteleza hadi nchani mwa pua. Somo la kwanza likamvunja Ognyana mgongo. Bi Boneva aliinua kitabu mbele ya kamera akauliza jina la kitabu linachukuliwa wapi. Ognyana akajibu upesi, "Kwenye jalada." Maana ndivyo alivyofanya miaka yote.

"Jalada ni koti, Bi Ognyana. Mtu hatambuliwi kwa koti, anaweza kuwa ameliazima. Fungua ndani, uende kwenye ukurasa wa jina. Pale ndipo kitabu kinapojitambulisha chenyewe."

Ognyana akayakumbuka makabati yake ya maktaba. Vitabu vyote vile, na yeye alikuwa akivisalimia makoti.

Likafuata somo la namba. Maarifa yote ya binadamu, akasema Bi Boneva, yamegawanywa mafungu kuanzia sifuri hadi tisa. Sifuri ni maarifa ya jumla, moja falsafa, mbili dini, tatu watu na sheria zao, tano maumbile, sita udaktari na kilimo na ufundi, saba sanaa na michezo, nane lugha na fasihi, tisa nchi na historia.

"Umeruka nne," akasema Ognyana.

"Nne haina kitu."

"Imepotea?"

"Imeachwa wazi. Kwa mambo yatakayokuja."

Ognyana hakuuliza zaidi, lakini siku ile yote nne ilimkaa rohoni. Wakubwa walikuwa wameipanga dunia nzima, nyota na konokono na ushuru wa forodha, kikabaki chumba kizima kitupu, halafu kwake yeye hawana nafasi ya jiko moja.

Kujifunza kukawa vita. Mchana anawasha moto wa wazee, jioni yuko mezani jikoni kwake. Kila zoezi alilotuma lilirudi jekundu. Tarakimu moja ikiteleza, nyuki anageuka ng'ombe. Nukta ikikaa pabaya, zabibu inakuwa farasi. Kuna alama ya kujumlisha, kuna mkwaju, ule mstari ulioinama, kuna nukta pacha za kuunganisha jambo na jambo. Kitabu cha watawa wanaofuga nyuki ni cha dini au cha mizinga? Andika yote mawili, tia nukta pacha katikati, na omba Mungu usiwe umeanza na lisilofaa. Mtandao wenyewe ulikuwa wa mashaka, ulishika vizuri pale tu paka wa nyumbani alipolala juu ya kile kisanduku cha mtandao chenye taa, chumba cha mbele. Paka akitoka kuwinda, Bi Boneva anaganda mdomo wazi.

Akaanza kufanya mazoezi kwa kila kilichokuwa mbele yake. Chupa za pilipili za kuchoma zikabandikwa namba, kabichi ya siki ikabandikwa, pombe ya plamu ikabandikwa. Mama mkwe wake Stamena, bibi kizee mdogo kama ngumi, aliyeishi naye tangu mume afe, akaamka siku moja akakuta karatasi kwenye fimbo yake.

"Mwanangu, na mimi umeniandika?"

"Bado, mama."

"Nikifa utaniweka namba gani?"

"Thelathini na tisa. Mila na desturi."

"Si mbaya," akasema Stamena, akaketi. "Nilidhani utanitia kwenye mifugo."

Walicheka, kisha Ognyana akainamisha kichwa mezani akalia. Stamena akamwacha alie. Alikuwa akijua, kama sisi sote, kwamba kufuli likitiwa yeye mwenyewe hatakuwa na pa kwenda kuota moto akiwa na wenzake, na wenzake ndio wote aliobaki nao duniani.

Kibaya zaidi kikawa makabati. Sharti ni kwamba kabla ya mtihani kila mwanafunzi apange upya rafu moja na kuipiga picha. Sasa, kwetu vitabu havijawahi kukaa kwa namba. Vimekaa kwa nyumba. Mzee akifa, watoto huleta vitabu vyake, na vinasimama pamoja, rafu ya akina Kostov, rafu ya akina Minkov, kama makaburi ya ukoo. Akina Kostov na akina Minkov hawasemezani kwa sababu ya mpaka wa shamba la mizabibu, na vitabu vyao pia havisemezani. Ognyana akavunja mpaka. Akakusanya nyuki wote mahali pamoja, akapiga picha, akatuma.

Kesho yake akaingia Dencho Kostov, mfuga nyuki, mtu wa hasira za karibu. Akamkuta baba yake, yaani kitabu cha baba yake, kimeegemea kitabu cha mzee Minkov.

"Ognyana! Umemlaza baba na mwizi wa mashamba?"

"Wote wawili waliandika... wote wawili walisoma habari za nyuki, Dencho. Namba yao ni moja."

"Namba ni moja! Hata jela wanapewa namba, lakini kila mtu na chumba chake!"

Akakichomoa, akakirudisha kwenye rafu ya ukoo. Minkov akasikia, naye akaja kuchomoa cha kwao. Kufikia jioni kila nyumba ilikuwa imekwisha kuwarudisha wafu wake kitandani, na Ognyana alikuwa ameketi sakafuni kando ya jiko, picha moja mkononi ya rafu ambayo haikuwepo tena.

"Mnafungiwa mlango, ninyi!" akawaambia wazee. "Mnaelewa? Januari hapa pana kufuli!"

Mmoja akaongeza ukuni.

Kisha ikatangazwa tarehe ya mtihani: ishirini Desemba.

"Bi Boneva," akasema Ognyana, "hiyo ni siku ya Ignat."

"Najua. Nami nina mjomba anaitwa Ignat. Lakini tarehe ilipangwa na wakubwa, nao hata siku za kuzaliwa za wake zao hawazijui. Sikiliza masharti. Uwe peke yako chumbani. Usiinuke kitini. Usiseme na mtu. Kamera ikiona mtu wa pili au ikisikia sauti yako, mtihani umekwisha. Saa nne hadi saa sita. Saa sita mlango unafungwa, lisilofika halikuandikwa."

Sasa, siku ya Ignat ndiyo mwaka unapogeuka, na akina Ignat na Ognyana wote wanasherehekea jina lao. Hualikwi, unaenda tu. Mtu wa kwanza kuvuka kizingiti ndiye anayeleta bahati ya mwaka wote, mbaya au nzuri. Anakalishwa kwa nguvu, ili kuku watulie kwenye mayai. Na siku hiyo kitu hakitoki nyumbani. Si moto, si chumvi, si chungio, maana kikitoka bahati inakifuata. Jirani akija kuazima unga, utamlisha mpaka apasuke lakini kijiko hakipiti mlangoni. Kwa Stamena hilo lilikuwa zaidi ya Amri Kumi. Mwaka mmoja daktari alipita siku ya Ignat akataka mkojo wake wa kupima, akamwambia, "Kesho, mwanangu. Leo hautoki."

Asubuhi ya mtihani theluji ilikuwa imefikia madirisha. Ognyana akaenda gizani kuwasha jiko la wazee, akarudi, akapika maharage na majani ya kabichi yaliyofungiwa wali, vyakula vya mfungo, akavaa blauzi yake ya harusi za watu. Akamshika Stamena mabega.

"Mama. Wageni wapokee chumba cha mbele. Jikoni asiingie mtu. Hata nyumba ikiungua."

"Ikiungua nitabisha hodi."

"Usibishe!"

Saa nne ikagonga. Vikatokea vitabu kwenye skrini, kimoja kimoja, kurasa za jina na yaliyomo. Cha kwanza kilimtoa jasho. Cha pili akakimaliza bila kufuta neno. Cha tatu kilikuwa na majina mawili, moja kwenye jalada na jingine ndani, nao ulikuwa mtego. Ognyana akautazama, akauruka, akaandika la ndani. Mlango wa mbele ukalia. Akasikia viatu vikipigwa kizingitini kuondoa theluji, akasikia Stamena akimkalisha mgeni, akasikia kuni zikichokorwa na ile baraka yetu, cheche nyingi, vifaranga vingi, wana-kondoo wengi. Alikuwa ni Dencho Kostov. Angeijua sauti ile hata chini ya maji.

Akaendelea. Kitabu cha mwisho kilihusu historia ya kutengeneza pombe ya matunda katika nyumba za watawa, na Ognyana nusura acheke kwa sauti. Pombe, nukta pacha, watawa. Hakusita kuhusu kipi kitangulie. Kwa mara ya kwanza tangu Septemba aliiona dunia imekaa sawa kama vikombe kabatini, na yeye anajua kila kikombe kilipo. Saa ilikuwa bado dakika chache ifike sita. Akabofya kutuma. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa, polepole, kama kobe mwenye deni.

Chumba cha mbele, nyuma ya mlango, mgeni alikuwa ameshashiba na ulimi umelainika.

"Mkaza mwanao yuko wapi, mama Stamena? Hata kunigongea glasi hataki?"

"Anafanya mtihani. Nyamaza."

"Mtihani! Na majibu atayaweka wapi?"

"Kwenye mashine."

"Kwenye mashine ni kupita tu. Unaona kisanduku hiki? Anachoandika kinaingia humu, kinapita kwenye waya, kinatoka nje mpaka Sofia. Tazama taa. Kila ikikonyeza, kuna kitu kimetoka."

Stamena akaweka sahani chini.

"Kinatoka?" akasema Stamena.

"Kinatoka."

"Leo?"

Ognyana alilisikia neno lile. Mstari ulikuwa umepita nusu. Akiinuka, mtihani umekwisha. Akisema, mtihani umekwisha. Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili akatoa macho mlangoni, kisha kwenye mstari, kisha mlangoni. Akasikia fimbo ya Stamena ikigonga sakafu, taratibu, kuelekea kwenye kisanduku. Mstari robo tatu. Fimbo ikanyamaza. Akasikia mtu akiinama kwa kuguna.

"Mama, usiguse!" Ognyana akapiga kelele.

Paka akalia kwa kuondolewa mahali pake. Mstari ukasimama. Kijidirisha kikawa cheupe, na katikati yake kikabaki kiduara kikizunguka, kikizunguka.

Alipofungua mlango, Stamena alikuwa amesimama na plagi mkononi, uso unang'aa.

"Nimewahi, mwanangu," akasema. "Ulikuwa umejisahau, ukaanza kutoa kila ulichojifunza, siku kama ya leo! Lakini nimewahi. Kingi kimebaki ndani."

Ognyana angemfokea vipi? Kizee kile kilikuwa kimeokoa maktaba yetu kwa njia pekee kiliyoijua. Akaichukua plagi, akairudisha ukutani, na taa zikaanza kuwaka moja moja kwa uvivu wake wote. Saa sita ikapita huku anazitazama.

Akatoka nje bila koti, akapanda juu ya ghala ambako simu hushika, akampigia Bi Boneva.

"Hayakufika," akasema Bi Boneva. "Ulisema neno, na hayakufika. Ognyana, ningeweza ningekuja kuyabeba mwenyewe."

"Nilijibu vyote. Cha majina mawili nilikiona."

"Naamini."

"Basi andika kwamba unaamini."

Ognyana akaketi kwenye theluji, huko juu, akitazama moshi wa jiko la nyumba ya kusomea ukipanda wima bila habari. Na yote hayo, jamani, kwa ulimi wa Dencho Kostov, mtu aliyejaza nyuki mahali pa ubongo, ambaye kwa chuki ya rafu moja...

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika, nikisimulia katika baa ya Zdravka baada ya mwaka mpya. Baa nzima inamlaani Dencho, mtu mmoja tayari ametema mate chini na Zdravka amemtupia tambara apanguse. Nyuma yangu mlango ulikuwa umefunguliwa, kwa maana nilisikia baridi shingoni, ila sikugeuka. Msimulizi hageuki.

"Endelea, mzee Tsanko," ikasema sauti. "Umefika pazuri."

Nikageuka. Ognyana, theluji kwenye kitambaa cha kichwa.

"Nilikuwa nawaeleza ulivyoteseka, Ognyana."

"Nimesikia. Dencho aliingia kwangu wa kwanza?"

"Kila mtu anajua."

"Dencho siku ya Ignat alikuwa hospitalini. Mguu umefungwa plasta tangu siku ya Mtakatifu Nikola, wiki mbili kabla, alipoanguka kutoka kwenye mzinga. Zdravka, si wewe uliyempelekea supu?"

"Ni mimi," akasema Zdravka, na akaacha kupangusa glasi.

Nikasema labda nimechanganya, uzee, hili jicho langu.

"Labda. Ni nani basi aliyekalishwa na mama mkwe wangu, akamchokorea moto, akamweleza habari za waya na Sofia kama vile yeye ndiye aliyeugundua umeme? Ni nani aliyekula maharage yangu sahani tatu?"

"Mbili," nikasema.

Baa nzima ikanigeukia. Sijawahi kusikia ukimya kama ule, na nimefanya kazi kwenye mahandaki ya reli.

Nikaagiza glasi kwa kila mtu, upesi, na kwa Dencho moja apelekewe. Walikunywa. Ognyana hakuigusa yake.

"Hao umewalipa," akasema. "Mimi bado. Bi Boneva amenipigania mpaka wilayani. Aliyeharibu mtihani harudii hadi vuli nyingine, hilo halipindiki. Lakini kijiji kikileta jina la mwanafunzi mpya kabla ya Ijumaa, kufuli linasubiri mtihani wa masika. Nimepita kila nyumba. Mmoja haoni, mwingine hasikii, Minkov hataki kwa sababu Dencho amekataa, na Dencho hataki kwa sababu Minkov naye ameombwa."

"Ognyana, nina umri wa..."

"Na mdomo."

"Sijui hata kuwasha hiyo mashine!"

"Ila waya unapita wapi unajua vizuri sana."

Nikatazama huku na huku. Hakuna aliyenionea huruma, na glasi zao nilikuwa nimezijaza mimi. Stamena alikuwa ameingia nyuma ya mkaza mwana wake, amejikunja kwenye shali. Akaninyooshea fimbo yake.

"Wewe ndiye mguu wa kwanza wa mwaka huu, Tsanko," akasema. "Ukituletea baya, nitakufuata mpaka kaburini nikutoe."

Nikaandika jina langu.

Jumatatu saa mbili asubuhi nikakalishwa mbele ya mashine, pale maktaba, jiko mgongoni, wazee wote wamegeuza viti wanitazame. Ognyana alisimama nyuma yangu, mkono kwenye kiegemeo. Bi Boneva akatokea, akasukuma miwani juu, akanitaka nijitambulishe kwa wanafunzi wenzangu, niseme nilikuwa na kazi gani kabla ya kustaafu.

"Rubani," nikasema.

Ognyana akakohoa.

"Breki," nikasema. "Nilikuwa mfunga breki. Treni za mizigo."